Wasiochukuliwa ni wa nani?

Mhariri, swali lenu la wiki hii, "Je, ni haki mtu kumpandisha mbwa wake wa nyumbani ili auze watoto?", nililisoma dukani, nikalisoma tena usiku, na bado limenikaa. Nauza dawa za mifugo hapa Malindi. Wateja wangu wa mbwa wengi ni walinzi na wasimamizi wa zile nyumba za Waitaliano za njia ya Casuarina na Mayungu. Mimi mwenyewe mbwa sifugi. Nimelelewa katika madhehebu ya Shafii, najua chombo alichoramba mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo, na najua kwamba thamani ya mbwa imekatazwa kwa hadithi sahihi. Kwa hiyo upande wa kuuza, jibu langu lilikuwa tayari kabla sijamaliza kusoma.

Lakini dini hiyohiyo imeruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba, na ndiyo inayotusimulia habari za mtu aliyemnywesha mbwa mwenye kiu akasamehewa. Na huyo mbwa wa shamba hadondoki kutoka mbinguni. Kuna jike aliyemzaa mahali, na kuna mtu aliyekesha naye.

Ndiyo maana naona mmeuliza nusu ya swali. Mtoto wa mbwa aliyeuzwa ameshapata mwenyewe, mzuri au mbaya. Mimi nataka kujua wale waliobaki ni wa nani.

Nilipokamata kalamu nilikuwa nakusudia kuandika neno moja tu: marufuku. Na sababu ninazo. Mtu huingia dukani na simu mkononi, ananionyesha picha aliyotumiwa, "Jamani shepadi halisi, mama," yaani yule mbwa wa Kijerumani. Kisha anamtoa mtoto mwenyewe kwenye boksi: mbavu zinahesabika, tumbo limejaa minyoo. Minyoo hiyo hakuiokota barabarani. Ilimwingia akiwa bado tumboni mwa mama yake, na nyingine akainyonya kwenye maziwa, ndiyo maana madaktari husema watoto waanze dawa wakiwa na wiki mbili tu. Huyu hajapewa hata tone. Ametolewa kwa mama yake wiki ya tano badala ya ya nane kwa kuwa mwenye jike amechoka kulisha, akapewa maziwa ya ng'ombe na uji, sasa anaharisha. Naulizwa kama nina dawa ya kufunga tumbo. Ninayo, lakini mwenye boksi anataka iwe ya shilingi hamsini.

Sasa niwaeleze kisa kimoja.

Mwaka 2020 ndege zilisimama, na nyumba moja huko Casuarina mwenyewe alikuwa kwao Italia, hawezi kurudi. Kijana wa nyumba mshahara wake ukawa unakuja nusu, tena kwa kuchelewa. Alikuwa ameachiwa jike wa Jamani shepadi, mbwa mpole, ncha za masikio zimeliwa na nzi kama mbwa wa aina hiyo wanavyoliwa hapa kwetu. Kijana akaamua ampandishe kwa dume wa nyumba ya pili. Mapatano yalikuwa yale ya siku zote: mwenye dume halipwi pesa, ila watoto wakikua huja yeye wa kwanza, akachagua mmoja anayemtaka. Nilimuuliza kijana, dume huyo akipanda ngazi anapandaje? Akacheka. Sikuwa namtania. Mbwa hawa wana ugonjwa wa nyonga unaorithiwa, na huko Ulaya mfugaji mwenye kujiheshimu humpiga mbwa picha ya eksirei kabla ya kumpandisha. Hapa tunatazama urefu wa mkia.

Mimba ya mbwa ni kama siku 63. Siku hizo kijana alikuwa na daftari, kila aliyepita akasema "niwekee mmoja" aliandikwa jina. Ukurasa ulijaa. Aliyetanguliza hata senti hakuwepo.

Kijana alinipigia simu usiku wa manane. "Mamangu, samahani kukuamsha. Katoa watatu, sasa kakwama. Naomba sindano ya uchungu, nakuja na tuktuk."

"Wa tatu katoka lini?"

"Baada ya isha."

"Na anasukuma?"

"Anasukuma mpaka anatetemeka."

Sindano ile inaubana mfuko wa uzazi usukume kwa nguvu zaidi. Mtoto akiwa amekaa vibaya mlangoni, mfuko unaweza kupasuka, ukamkosa mama na watoto wote. Nikamwambia, "Mwanangu, hiyo sikuuzii. Nampigia daktari."

Akanyamaza. Kisha akasema, "Daktari atataka pesa."

"Atataka."

Daktari alitoka Gede kwa bodaboda. Nami nikaenda pamoja na mwanangu wa kiume, kwa sababu nilishaamka na usingizi ulikuwa umeruka. Jike alikuwa jiko la nje, juu ya magunia, ulimi nje, macho hayatuangalii sisi, yanamwangalia kijana tu. Daktari alinawa kwa sabuni hadi kwenye kiwiko, akavaa glavu, akapima kwa kidole. Mtoto alikuwa amekuja matako mbele, miguu imekunjwa kuelekea tumboni. Akapaka mafuta, akasubiri. Mbwa akisukuma naye anavuta kwa kitambaa, kuelekea chini na si kuelekea kwake. Mbwa akipumzika naye anatulia. Hili ndilo lililonishangaza, ule utulivu. Mimi ningevuta tu. Ilichukua muda mrefu kuliko nilivyodhani mtu anaweza kuchutama.

Alipotoka alikuwa wa buluu, hana pumzi. Daktari akampa kijana amsugue kwa taulo, kichwa kimeelekea chini ili ute umtoke puani. Kijana akasugua. Daktari akaniangalia mimi akatikisa kichwa kidogo, maana yake tumwache. Kijana hakuona, au hakutaka kuona, akaendelea kusugua, na yule mtoto akalia sauti nyembamba kama bawaba iliyokosa mafuta. Baada yake wakaja wengine bila taabu. Jumla wanane, na mmoja alizaliwa mfu. (Nguo nilizovaa usiku ule zilioshwa inavyotakiwa, na udongo wake. Nasema kwa wale ambao najua wataniuliza.)

Nimesimulia kirefu, najua. Lakini watu huzungumzia kuzalisha mbwa kana kwamba kazi inaishia hapo, na hapo ndipo ilipoanza. Jike anayenyonyesha saba, wiki ya tatu na ya nne hula mara mbili au tatu ya chakula chake cha kawaida. Kijana alikuwa na ugali na vichwa vya samaki alivyoomba sokoni. Haikutosha. Jike akaanza kutetemeka, miguu ikakakamaa: madini ya kalsiamu yote yamekwenda kwenye maziwa. Daktari akaitwa tena, deni likaongezeka.

Wiki ya nane kijana akafungua daftari. Wa kwanza mkewe amekataa. Wa pili mwenye nyumba haruhusu. Wa tatu hapokei simu, na wa nne alidhani ni bure. Waliolipa wakawa wawili. Mwenye dume alikuwa ameshafika mapema, akachukua mkubwa kuliko wote, akaenda zake. Wakabaki wanne wanaokula, na chanjo walikuwa wamepata ya kwanza tu. Ile ya parvo, kirusi cha kuharisha damu, hurudiwa kila baada ya wiki chache hadi mtoto apate kama miezi minne, na kila ukirudia unalipa. Parvo ikapita mtaani, wawili wakaharisha damu wakafa. Kijana akamwaga jiki ua mzima, maana kirusi kile hukaa kwenye udongo miezi na miezi. Mmoja alimpeleka Kakuyuni kwa mfuga mbuzi, yuko huko hadi leo na kazi anaijua. Wa mwisho alibaki naye mwenyewe.

Hapa ndipo kalamu yangu ilipoanza kwenda upande. Huyu ndiye mtu niliyetaka apigwe marufuku: hana pesa, hana ujuzi, amezalisha kwa sababu ya njaa. Lakini katika wale wanne hakumtupa hata mmoja. Nawajua wengine, wenye kuta ndefu na geti la kufunguka lenyewe, ambao watoto wa jike wao walitiwa kwenye gunia wakaachwa karibu na daraja la Sabaki. Marufuku ingempata nani? Mwenye geti hakaguliwi.

Na gunia lile lina hesabu yake. Shirika la Afya Duniani linasema kichaa cha mbwa kinakatika pale ambapo angalau asilimia 70 ya mbwa wa mahali wamechanjwa. Kenya imejiwekea lengo la kukomesha vifo vya watu kwa ugonjwa huo ifikapo 2030. Sasa mtaa umechanjwa vizuri, kisha majike matatu yanazaa, watoto wanasambaa ovyo bila chanjo ya kichaa, ile wanayopewa wakifika miezi mitatu, na asilimia yenu imeshuka bila mtu kuamua lolote. Mtoto wa binadamu akiumwa na mmoja wao na dalili zikaanza, hakuna hospitali itakayomrudisha. Mbwa wanaokimbilia ufukweni nao hufukua mayai ya kasa, hilo watu wa Watamu watawaeleza vizuri kunishinda.

Basi jibu langu, kama lazima mchapishe jibu: namruhusu mwenye jike ampandishe. Si kila joto, maana jike huingia joto kama mara mbili kwa mwaka na mwili wake si mashine ya kusaga. Si joto la kwanza. Asubiri afike kama miaka miwili. Pesa ya daktari iwepo kabla ya kupandisha, si baada ya isha. Na ajue kabisa kwamba asiyechukuliwa ni wake, na aliyechukuliwa akirudishwa pia ni wake. Asiyeweza haya amfunge jike kizazi, inagharimu mara moja. Kuhusu kuuza, kwa Waislamu wenzangu neno langu ni lile la mwanzo, silibadilishi. Lakini siwezi kumlisha kijana wa watu kwa fatwa, na yeye si Muislamu.

Nimelegea sana, naona. Kuna pahali pamoja tu ambapo nimezidi kukaza. Yule mwenye dume hakukesha, hakulipa hata nusu ya daktari, hakununua chanjo, na ndiye aliyechagua wa kwanza. Yeye angepaswa kuchagua wa mwisho, tena baada ya kulipa nusu ya deni, na wakibaki wanne, wawili waende kwake. Nimemwambia hivyo ana kwa ana. Tangu siku hiyo dawa za kupe ananunua duka jingine.