Saa ya hatari ni mtambo ukikwama

Swali la wiki liliuliza: "Kwa nini ajali viwandani haziishi, ilhali kila mfanyakazi anajua kuwa mashine ni hatari?" Nitajibu kwa kutumia viwanda vya mkonge, kwa kuwa ndivyo tulivyonavyo huku Tanga tangu enzi za Wajerumani. Ukitazama kwa makini, mtambo unaokwenda vizuri haumsumbui mtu. Kasheshe huanza unapoziba, unaposafishwa au unapotengenezwa, kwa sababu hapo ndipo mikono inapoingia mahali ambapo siku zote haiingii.

Chukua korona, yaani mashine ya kuchakata majani ya mkonge. Majani hulazwa kwenye mkanda, roli huyaponda, kisha hupita kwenye ngoma zenye visu butu vinavyokwangua nyama ya jani huku maji yakimwagika, mpaka zibaki singa, yaani nyuzi. Singa hizo ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani bichi. Yote yaliyobaki ni makapi, nayo ndiyo yanayoziba. Mlishaji akiona majani yamejikunja mdomoni mwa mashine, hubonyeza kitufe cha kuzimia na kupeleka mkono. Anadanganywa mara mbili. Kwanza, ngoma ni chuma kizito, na umeme ukikatwa bado inazunguka. Mota imenyamaza, sikio linasema kumetulia, lakini visu havijatulia. Pili, kile kitufe hakikati umeme wa mtambo, kinaachisha kontakta tu, yaani swichi ya sumaku inayopeleka umeme kwenye mota. Mwenzake aliye upande wa pili, asiyemwona, akibonyeza cha kuwashia, ngoma inaondoka. Kitufe chekundu cha dharura nacho ni vivyo hivyo: ni cha kusimamishia mtambo, hakikuwekwa kwa ajili ya matengenezo.

Dawa yake inajulikana. Waarifu wote walio kwenye mtambo. Zima kwa njia ya kawaida, kisha shusha swichi kuu ya mtambo huo na uitie kufuli. Kila anayeingiza mkono aweke kufuli lake mwenyewe na ufunguo akae nao mfukoni. Mafundi wakiwa watatu, kufuli ni tatu. Ning'iniza kadi yenye jina na saa. Subiri ngoma isimame kabisa, na uione kwa macho. Toa nguvu iliyojificha: upepo wa kompresa, presha ya mafuta kwenye mashine ya kufungia robota, uzito wowote ulioinuliwa. Halafu bonyeza kitufe cha kuwashia uone kama mtambo umekufa kweli. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa kuliko zote, nayo ndiyo inayofichua kuwa umefunga swichi ya mtambo wa jirani. Kazi ikiisha, hesabu spana, rudisha kava linalokinga sehemu zinazozunguka, na kila mtu afungue kufuli lake mwenyewe.

Kuhusu kava, watu hupenda kusema mafundi ni wavivu wa kuyarudisha. Tazama bolti zenyewe. Maji ya mkonge yana tindikali na hula chuma. Kava lililofungwa kwa bolti 8 za kawaida, baada ya miezi michache bolti zimeganda kwa kutu. Mtambo umeziba, majani yamelundikana, msimamizi anasema "wahi, wahi". Fundi anakata bolti kwa tindo, anarudisha 4. Safari nyingine zinabaki 2 na waya wa kufungia. Baadaye kava limeegemezwa ukutani, na hakuna anayelishangaa tena. Hapo usitafute mvivu. Kava lilibuniwa na mtu asiyejua kuwa litafunguliwa kila mara. Weka bawaba, bolti za chuma kisichoshika kutu, mlango mdogo wa kutolea makapi, na swichi inayokata mtambo mlango ukifunguliwa. Na kava likiwa la wavu, tundu zake zipimwe: mwanya mrefu wa milimita 12 hadi 20 unapitisha vidole, kwa hiyo wavu ukae angalau milimita 120 kutoka kwenye kinachozunguka.

Glavu nazo zina mahali pake. Anayeshika majani anazihitaji kwa sababu ya miiba. Kwenye brashi ya kusafishia singa, glavu iliyolegea, kanga au shuka ikishikwa na shafti, mkono unafuata. Mtu huchukua kama nusu sekunde kabla hajaanza kujivuta. Kitu kinachovutwa kwa mita 1 kwa sekunde kimeshakwenda nusu mita.

Huko Marekani mwaka 1931, mtu wa bima aitwaye Heinrich aliandika kuwa asilimia 88 ya ajali husababishwa na matendo ya hatari ya watu. Takwimu hiyo inatajwa mpaka leo kwenye semina. Sehemu ya kumbukumbu alizozitegemea, hata hivyo, zilitoka kwa wenye viwanda, na sijaona bado mwenye kiwanda anayejiandika mwenyewe kuwa chanzo. Fomu ikishajazwa "uzembe", hakuna atakayeuliza bolti zilikwenda wapi, wala kama bonasi ya tani inamlipa mtu kwa kutosimamisha mtambo.

Kuna na kukabidhiana zamu. Usiku wa tarehe 6 Julai 1988, kwenye jukwaa la mafuta la Piper Alpha katika Bahari ya Kaskazini, zamu iliyoingia iliwasha pampu ambayo vali yake ya usalama ilikuwa imeondolewa kwa matengenezo. Habari ya vali hiyo haikuwafikia. Watu 167 walikufa. Fundi wa jioni anayeacha kazi nusu asiishie kutia saini daftari. Ampeleke wa usiku mpaka kwenye mtambo, amwonyeshe kilichofunguliwa.

Mwisho ni mashimo ya makapi. Makapi ya mkonge yakioza hutoa gesi. Huko Hale, mkoani Tanga, waliwahi kuitumia kuzalisha umeme. Ndani yake kuna salfidi ya hidrojeni, inayonuka kama yai viza ikiwa kidogo, lakini ikizidi pua haiisikii tena, kwa hiyo harufu kupotea si dalili ya usalama. Kabla mtu hajashuka, hewa ipimwe juu, katikati na chini. Oksijeni ikiwa chini ya asilimia 19.5, asishuke. Avae mkanda wenye kamba, na winchi iwe juu ya shimo tayari. Akianguka, aliye nje amvute kwa kamba na apige kelele ya msaada. Asimfuate, kwani mara nyingi anayetolewa wa pili ni yule aliyekwenda kuokoa.

Msomaji, Ngamiani, Tanga