"Wizi uko kwenye damu?" Mume wangu anataka tumrudishe mtoto

*Shangazi, shikamoo. Namlea mtoto wa marehemu dada yangu. Ana miaka tisa, yuko kwangu tangu akiwa na mitano. Baba yake amefungwa kwa kuvunja duka. Wiki iliyopita elfu tatu ilipotea kwenye suruali ya mume wangu, mtoto akabanwa, akakiri. Si mara ya kwanza. Mama mkwe akasema mbele ya wote: mtoto wa nyoka ni nyoka. Mume wangu anataka arudi kwa bibi yake mzaa baba kabla hajawaharibu wanangu. Hapa anakula vizuri, hapigwi. Wanangu huwa nawapa jero jero za shule, yeye simpi kwa kuwa shule yake iko karibu. Je, wizi unarithiwa?*
*Mama Wawili, Morogoro*

Marahaba, mwanangu.

Wizi haurithiwi. Hakuna kinasaba kinachomtuma mtoto kupekua suruali ya baba mdogo. Watoto hurithi hulka: huyu ana papara, yule mwoga, mwingine akitamani kitu hawezi kusubiri. Mwenye papara na asiyeogopa anaweza kuishia mwizi, anaweza pia kuishia fundi wa kupanda minara ya simu.

Lakini sitakudanganya kwamba damu haina neno. Mwaka 1984 mwanasaikolojia Sarnoff Mednick na wenzake walichapisha uchunguzi wa watoto zaidi ya 14,000 wa Denmark waliolelewa na watu wasiowazaa. Kwa watoto wa kiume ambao wazazi wao wa pande zote mbili, waliowazaa na waliowalea, hawakuwa na hatia yoyote mahakamani, 13.5 kwa mia walikuja kutiwa hatiani. Pale mzazi wa damu alipokuwa na hatia na walezi hawana, ikawa 20 kwa mia. Pale pande zote mbili zilipokuwa nayo, 24.5. Denmark si Morogoro, najua, ila mwonyeshe mama mkwe hiyo 20. Watoto 80 katika kila 100 wa wazazi wenye hatia hawakupatikana na kosa lolote. Nyoka gani huyo, anazaa watoto watano na wanne hawana sumu?

Sasa turudi kwako. Kuna mstari kwenye barua yako umeupita mbio: wanao wanapewa jero, yeye hapewi kwa sababu shule iko karibu. Mwanangu, ile jero si nauli. Saa nne wenzake wanasimama kwa mama wa maandazi, yeye anasimama pembeni akiangalia. Halafu jioni anaona suruali imetundikwa nyuma ya mlango, chenji zinalia mfukoni. Na wewe mwenyewe umejiita Mama Wawili, wakati nyumbani una watatu. Kama umeandika hivyo bila kufikiri, basi yeye ameshalisikia hilo siku nyingi.

Sisemi umemfanya mwizi. Mtoto wa miaka tisa aliyefiwa na mama, baba yuko jela, akidokoa hela, mimi sishangai hata kidogo. Ninachokiogopa ni hilo la nyoka. Mtoto akiambiwa kila akikosea kwamba ni baba yake huyo anajitokeza, ataacha kuona sababu ya kujizuia, na mkimtimua mtakuwa mmemthibitishia.

Fanya hivi. Kesho mpe jero kama wenzake, bila hotuba. Elfu tatu airudishe kidogo kidogo kwa kazi anayoiweza, kuosha viatu vya baba mdogo au kuchota maji, na deni likiisha liishe kweli, lisitajwe tena. Muulize mkiwa wawili tu alinunua nini. Jibu lake litakueleza zaidi ya vinasaba vyote. Akiendelea kuchukua hata baada ya hapo, nenda kwa mwalimu wake au afisa ustawi wa jamii wa kata yenu, siyo kwa mama mkwe. Na hela za nyumbani zifungiwe. Kuning'iniza suruali yenye noti mlangoni ni kumjaribu hata mtu mzima.

Mama mkwe mwache mumeo amkabili, ni mama yake. Mwambie tu neno nyoka lisirudiwe mbele ya watoto.

Safari ya kwa bibi iahirisheni. Muhula ukiisha na mumeo bado anaitaka, aniandikie mwenyewe, na aeleze huyo mtoto amemkosea nini zaidi ya hiyo elfu tatu.