Maboksi ya korosho yanayobonyea njiani

Ndugu, kama maboksi yako ya kilo 20 za korosho zilizobanguliwa yanatoka Mtwara mazima na ya chini yanafika Dar yamebonyea, huenda ni ya safu moja ya mawimbi (ile karatasi iliyokunjwakunjwa katikati ya kadibodi), unene milimita 3 au 4. Chukua ya safu mbili, karibu milimita 7. Mawimbi yasimame wima ubavuni. Yakilala, unene haukusaidii. Panga kona juu ya kona, maana ndizo zinazobeba uzito. Usiache nafasi tupu juu.

Adui mkubwa ni unyevu wa masika: boksi likiwekwa sakafuni hulegea hata likiwa nene, kwa hiyo tumia chaga, yaani jukwaa la mbao la kuinua mzigo. Mitumba ya maboksi achana nayo. Ukifikia kusafirisha kwa kontena nje ya nchi, mdai mtengenezaji wa maboksi kipimo cha mgandamizo, yaani uzito ambao boksi linahimili kabla ya kubonyea, kwa maandishi.