Kuongeza jiko na choo nyuma ya nyumba ya Mji Mkongwe

Ndugu yangu, umeuliza kama unaweza kujenga jiko na choo cha matofali ya saruji nyuma ya nyumba ya marehemu bibi yako, Mji Mkongwe, Zanzibar. Kuongeza, ongeza. Saruji ndiyo inayonitia wasiwasi.

Ukuta wa zamani ni mawe ya matumbawe, udongo na chokaa. Hufyonza maji na kuyatoa. Ukiupiga lipu ya saruji, unyevu unafungiwa ndani. Gonga ukuta uliofanyiwa hivyo usikie mlio wa uwazi, kisha lipu inabanduka kama ganda la yai. Tumia chokaa.

Jengo jipya lisimame kwa nguzo zake, lisiegemee ukuta mkongwe. Liwe fupi kuliko la mbele, wala lisimeze ua wote, maana vyumba vya chini hupata hewa na mwanga hapo. Upana wa vyumba usizidi sana mita 3, kama vyumba vya ndani ya nyumba ya zamani. Huo ndio urefu ambao boriti za mikoko za kubeba dari hufika. Choo (mafundi hawapendi kusikia hili) kikae mbali kabisa na ukuta wa zamani, bomba litavuja tu siku moja.

Michoro ipeleke Mamlaka ya Mji Mkongwe kabla hujanunua hata mfuko mmoja.