Jibu: Mikaratusi ya GC si GMO

Ndugu, umeuliza kama miche ya mikaratusi ya GC unayouziwa kitaluni hapo Kenya ni GMO, yaani mmea uliobadilishwa jeni maabara. Hapana. GC ni chotara wa Eucalyptus grandis na Eucalyptus camaldulensis. Miche yake huoteshwa kwa vikonyo, yaani vipande vya matawi ya mti uleule, ndiyo maana miti yote hufanana na hunyooka vizuri kwa nguzo. Haina jeni ya kupandikizwa.

Mkaratusi wa GMO hasa ni ule wa Brazili. Mwaka 2015 serikali iliidhinisha mkaratusi wa kampuni ya FuturaGene wenye jeni ya mmea mdogo uitwao Arabidopsis. Jeni hiyo hulegeza ukuta wa seli mti unapokua, na kampuni ilisema mavuno ya mbao huongezeka kwa takribani asilimia 20.

Kwa upande wa karatasi, kazi ngumu ni lignini, ile gundi inayoshikanisha nyuzi za mbao. Kiwanda huiondoa kwa kemikali na joto kali, gharama kubwa na uchafu mwingi. Mwaka 2023 watafiti wa North Carolina, Marekani, walihariri jeni za miti iitwayo mipopla kwa CRISPR, mbinu ya kukata na kurekebisha jeni, na baadhi ya miti ikapungua lignini kwa karibu nusu. Hilo ndilo linalonipa matumaini zaidi, ingawa wakati huo ilikuwa bado miti ya kitalu cha kioo.

Wewe panda, lakini changanya klooni kadhaa, yaani miche iliyotoka kwa miti mama tofauti. Nyigu wa vinundu, Leptocybe invasa, akiipenda klooni moja atalimaliza shamba zima. Na usipande karibu na chemchemi, tafadhali.