Povu linakwamisha gemu ya mashua: usiguse poligoni

Acha! Usipunguze poligoni hata moja, vile vipande bapa vinavyounda maumbo ya 3D. Umeandika kuwa gemu yako ya mashindano ya mashua, Lamu hadi Shela, inateleza kwenye kompyuta lakini kwenye simu inakwama kila povu linaporuka mbele ya kamera, nawe unataka kuchonga upya nyumba zote za ufukweni? Utachonga wee, na mkwamo utaukuta palepale.

Unatumia Godot 4, programu ya kutengenezea gemu, kwa mfumo wake wa kuchora uitwao Mobile. Ingia mipangilio ya mradi, sehemu ya Rendering, kwenye Scaling 3D ushushe skeli kutoka 1 hadi 0.5, ujaribu kwenye simu yenyewe. Hapo upana na urefu wa picha vinakuwa nusu, pikseli zinabaki robo. Muda wa fremu, yaani wa kuchora picha moja, ukishuka sana, mchawi ni pikseli. Usiposhuka, katafute kwenye skripti au wingi wa vitu vinavyochorwa. Soma milisekunde: ukitaka fremu 60 kwa sekunde, kila fremu ina 16.7 tu.

Mimi nasema ni chembe, vile vipicha vidogo vyenye uwazi vinavyounda povu. Skrini ya 1600 kwa 720 ina pikseli 1,152,000. Povu likifunika nusu, chembe zikapandana tabaka 40, simu inapaka pikseli milioni 23 kwa fremu moja, za povu peke yake! Ukuta huficha kilicho nyuma yake kisichorwe. Chembe yenye uwazi haifichi kitu, kila tabaka linapakwa juu ya jingine. Hata pembe tupu za picha ya povu zinalipiwa.

Na hao walimu wa video, "weka chembe 500 ipendeze", wanapimia wapi? Kwenye kadi ya picha inayokula umeme kama friji ya bucha. Simu hawaitaji hata kwa bahati mbaya.

Kwenye GPUParticles3D, kifaa cha Godot cha kurusha chembe, teremsha Amount (idadi ya chembe) hadi 20 au 30, chembe ziwe ndogo, picha uikate iishie kwenye povu, materiali iwe Unshaded isipigiwe hesabu za taa. Mkia wa povu usiwe chembe kabisa: tandaza ukanda mmoja wa meshi (umbo bapa la poligoni) juu ya maji, tekscha, yaani picha iliyobandikwa juu yake, itembee. Chembe ziachie omo ya mashua, panapokata maji.

Halafu cheza dakika 15 mfululizo. Simu ikipata moto hujipunguzia kasi, na vipimo vya mwanzo havikufai tena.

Wanaocheka nimekazana na povu, wacheke. Vivuli vya minazi na taa za usiku ulizouliza, atakujibu mwingine. Wewe niletee milisekunde za skeli 1 na za 0.5.