Kwa nini picha ya kichwa hutangulia dawa ya kiharusi?

SWALI: Daktari, mama yangu alikuwa akipalilia viazi Uporoto alipopinda mdomo na kulegea mkono wa kulia. Kituoni walimpima sukari, kisha wakatuelekeza Mbeya mjini apigwe picha ya kichwa. Kwa nini hawakumpa dawa palepale? – Msomaji, Rungwe

JIBU: Pole sana kwa kuuguliwa na mama. Sukari ikishuka mno huweza kulegeza upande mmoja wa mwili mithili ya kiharusi, ndiyo maana hupimwa mapema. Kupinda mdomo na kulegea mkono ghafla humfanya daktari ashuku kiharusi, lakini hakumwambii kama mshipa wa ubongo umeziba au umepasuka, na hapo ndipo penye hatari, kwani dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, ambayo kwa kawaida hutolewa ndani ya muda wa saa 4 na nusu tangu dalili zianze, inaweza kumuua mwenye mshipa uliopasuka. Picha ya CT, yaani hiyo picha ya kichwa inayopigwa kwa mashine ya eksirei na kompyuta, huonyesha damu iliyovuja kwa weupe. Mshipa ulioziba, katika saa za mwanzo, huenda usionekane, kwa hiyo picha safi haimaanishi kwamba hakuna kiharusi. Nawasihi ndugu wa wagonjwa wakumbuke saa ambayo mgonjwa alionekana mzima mara ya mwisho, kwa sababu daktari huanza kuhesabu muda kutoka hapo.